Wapi pa kuwinda muli wa pembe kubwa: mpangilio wangu

Mlioko States mnaouliza tagi (kibali cha kupiga mnyama mmoja) ya muli (yule kulungu wa magharibi mwenye masikio kama ya nyumbu, yule chotara wa punda na farasi) ikatafutwe wapi, kwanza sahauni habari za vitalu vya Bongo ambapo kampuni ndo ina kitalu na mgeni anakuja na hela yake tu. Huku mnyama ni wa jimbo, tagi nyingi zinatoka kwa droo, na kila jimbo lina droo yake na masharti yake, kwahiyo unachonunua hasa ni nafasi, na mara nyingi unailipia kwa miaka ya kusubiri.

Namba moja ni Colorado na kwa hili sibishani na mtu. Ndo jimbo lenye muli wengi kuliko yote, na rekodi ya dunia ya pembe za umbo la kawaida ilitoka huko, kaunti ya Dolores mwaka 1972, alama za vipimo vya pembe 226 na nusu. Tangu 1999 tagi zote za kulungu ni za droo, ndo maana kuna madume wanaofika umri, maana muli anahitaji kama miaka mitano na kuendelea pembe zikomae vizuri, jimbo linaloacha watu wapige madume wa miaka miwili halikupi nyara hata milima yake iwe mizuri vipi. Pointi zao (unazolimbikiza kila mwaka unaoomba ukakosa) ni foleni, mwenye nyingi anatangulia. Vitalu vya Gunnison, huko huko Colorado, vinakula pointi balaa, hasa msimu wa nne wa bunduki, Novemba ikishapita katikati, madume wanapokimbiza majike na akili haziko kabisa. We anza na msimu wa pili au wa tatu kwenye kitalu ambacho hakuna anayekitaja, pointi chache tu zinaweza kutosha. Maombi yanafungwa mwanzoni mwa Aprili, na kama umezaliwa 1949 au baada ya hapo lazima uwe na kadi ya mafunzo ya uwindaji.

Mbili, Sonora, Mexico, kama mfuko unaruhusu. Hakuna droo, unalipa rancho (shamba kubwa la mifugo) ya mtu binafsi na unawinda Januari jangwani, kule madume bado wanakimbiza majike na wenyeji wanafuata nyayo mchangani kama wazee wetu. Ila kabla hujatoa advansi uliza rancho inapokea wawindaji wangapi kwa msimu, ukimjeruhi mnyama akapotea inahesabika umeshapiga au la (kwa wengi inahesabika), na kibali cha bunduki kinachotolewa na jeshi la Mexico anakishughulikia nani. Mwenye rancho akikuonyesha picha za miaka ya nyuma tu, achana naye.

Tatu ni Arizona Strip na Henry Mountains ya Utah. Kwa ukubwa wa pembe peke yake hizi zingekuwa juu kabisa, lakini wa nje ya jimbo mnagombania kama asilimia 10 ya tagi na kuna watu wamelundika pointi tangu ujana wao. Arizona inataka ulipie kwanza leseni ya dola 160 hata kama droo itakutema. Omba kila mwaka, ila likizo usiombe bado.

New Mexico naipenda kwasababu haina pointi kabisa, aliyejiandikisha jana ana bahati sawa na mzee wa miaka yote, japo asiye mkazi akiomba bila kampuni ya uwindaji anaangukia kwenye fungu la asilimia 6.

Wyoming ningeiweka ya pili zamani. Baridi ya 2022 kuingia 2023 iliua kulungu wengi mno upande wa magharibi, ndama ndo usiseme, na kundi la hivyo haliwi na madume wazee haraka. Halafu kama si mkazi wa jimbo huruhusiwi kuwinda kwenye nyika zake za hifadhi (zile zinazoitwa wilderness) bila mwongozaji au mkazi aliyechukua kibali cha kukusindikiza.

Kingine, walio na viza ya muda: sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki bunduki na risasi, isipokuwa kwa wachache waliotajwa, akiwemo mwenye leseni halali ya kuwinda. Kwahiyo leseni kwanza, duka la bunduki baadae, na mwenye grinikadi hilo halimhusu.