Kamusi ya Schmidt na Neno Moja la Ukoo katika Tamthilia za Shakespeare

Msomaji wa Shakespeare ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza hapotezwi sana na maneno magumu, kwa kuwa neno gumu humlazimu asimame na kutafuta maana yake; humpoteza yale anayodhani anayajua. Ndiyo sababu, baada ya miaka mingi ya kutegemea faharasa fupi zilizobandikwa mwishoni mwa tamthilia, nimehamia kwenye Shakespeare-Lexicon ya Alexander Schmidt, iliyotoka kwa juzuu mbili mwaka 1874 na 1875. Schmidt alikuwa Mjerumani, mwalimu mkuu wa shule huko Königsberg, na naamini ugeni wake katika lugha ile ndio uliomzuia asiruke neno: aliyaingiza yote, hata yale ambayo Mwingereza asingeona haja ya kuyaeleza.

Nilikuja kuithamini kwa sababu ya neno "cousin", ambalo shuleni tulifundishwa kuwa ni binamu, basi. Nilipokuwa nikiwatafsiria wanafunzi wangu Romeo and Juliet, nilifika mahali ambapo Lady Capulet anaikuta maiti ya Tybalt na kumlilia kwa neno hilo, kisha papo hapo anamwita mtoto wa kaka yake. Katika onyesho linalofuata, binti yake Juliet anamlilia Tybalt huyo huyo kwa neno lile lile. Kwa Juliet, tafsiri ni binamu, maana Tybalt ni mtoto wa mjomba wake; lakini mama ni shangazi wa marehemu, na nikimwekea "binamu" kinywani, watazamaji watadhani mama na binti ni watu wa kizazi kimoja.

Schmidt analieleza neno hilo kwanza kuwa ni ndugu yeyote wa ukoo, mwanamume au mwanamke, kisha analipasua: mtoto wa ndugu, mjomba, shemeji, hata mjukuu. Mwishoni anaweka matumizi ya heshima, pale wafalme wanapoitana wao kwa wao au wanapowaita wakuu walio chini yao. Kila maana inafuatwa na mahali ilipotumika, kwa hiyo huhitaji kumwamini kwa maneno matupu. Unafungua tamthilia na kujionea, kwa mfano, Duchess of York akiwaita wajukuu zake hivyo katika Richard III.

Kilichonigusa zaidi ni Hamlet. Mfalme Claudius anamwita Hamlet "cousin" na mara moja anaongeza "mwanangu", na nyongeza hiyo ndiyo inayomchoma Hamlet, kwa sababu imetokana na ndoa ya mama yake na Claudius, ndugu wa marehemu baba yake. Kwetu, mtoto wa kaka ni mwanao tangu azaliwe, na Claudius ni baba yake mdogo, kwa hiyo neno "mwanangu" peke yake halimchomi mtu. Nimeamua kuandika "mtoto wa marehemu kaka yangu, na sasa mwanangu", ili uchungu ukae kwenye hilo "sasa".

Kamusi hii ina kasoro zake. Maelezo ni mafupi mno, vifupisho vya majina ya tamthilia vinachosha, na namba za mistari, hasa katika sehemu za nathari, mara nyingi hazilingani na matoleo ya leo. Kwenye tovuti ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts inasomwa bure, ingawa maana zimesongamana bila nafasi ya macho kupumzika, na kwa kazi ndefu napendelea chapa ya karatasi ya kampuni ya uchapishaji ya Dover, yenye kurasa zaidi ya 1,400 kwa jumla. Mwenye fedha za juzuu moja tu aanze na ya kwanza, inayoishia herufi M, kwa kuwa pamoja na "cousin" atayapata humo "friend", "honest", "fool" na "kind", maneno ambayo nayo hayakuwa na maana moja tu.