Kikokotoo cha safari za ndege: kilomita hazina shaka, saa zina walakini

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitumia programu ya simu inayokokotoa umbali na muda wa safari kati ya viwanja viwili vya ndege, na kwa kuwa wenzangu wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou huniuliza kama inafaa, nimeona niandike.

Kuhusu umbali, sina lawama. Ukiandika DAR, yaani Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, kisha CAN, yaani Baiyun, uwanja wa Guangzhou, inakupa kilomita 8,711, ambazo ni takriban maili 4,700 za baharini. Hesabu hiyo hufuata njia iliyo fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, na ndiyo maana mstari wake huonekana umepinda kwenye ramani bapa. Niliihakiki kwa tufe la wanangu lenye kipenyo cha sentimita 30: nilivuta uzi kutoka pwani yetu hadi kusini mwa China, nikaupima kwa rula, nikapata sentimita 20 na nusu, ambazo kwa kipimo cha tufe hilo hazipishani na jibu la programu. Ukipitia Dubai, inajumlisha vipande viwili na kukuonyesha kwamba umeongeza kilomita 1,100 hivi.

Kwenye muda ndiko inakoteleza. Inagawa umbali kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi, ilhali ndege kubwa za masafa marefu hukaribia kilomita 900 angani. Inatoa jibu lilelile kwa kwenda na kurudi, kana kwamba hakuna upepo; kumbe kutoka Dubai hadi Guangzhou ni takriban saa 7, na kurudi ni kama saa 8, kwa sababu upepo wa juu huvuma kutoka magharibi. Saa za kusubiri ndege ya kuunganisha haizihesabu kabisa, nazo zaweza kuzidi urefu wa kipande kizima cha safari.

Kero kubwa zaidi, hata hivyo, ni Kiswahili chake. Jibu la DAR na CAN huandikwa “Saa 11:23” bila neno “muda”, na sisi tukiona hivyo tunasoma saa ya ukutani. Nilimtumia mdogo wangu anayesoma Guangzhou picha ya jibu hilo, naye akaelewa kwamba ningetua saa 11 na dakika 23 jioni. Kumbe ule ulikuwa urefu wa safari tu, na wala programu haikutaja popote kwamba China imetutangulia kwa saa 5; nilitua mchana, nikakaa juu ya mabegi yangu karibu saa tatu nikimsubiri. Siku hizi namtumia picha ya tiketi yenyewe, na programu nimeibakiza kwa ajili ya kilomita tu.