Programu ya kuchorea shelfu na stendi za duka: ipi ulipie, ipi upakue bure

Kwa karakana inayotengeneza shelfu za duka, makabati ya kioo na stendi za bidhaa, iwe Keko jijini Dar es Salaam au Gikomba Nairobi, picha nzuri ya kompyuta inamfurahisha mteja siku ya kutoa oda. Baada ya hapo kazi yote inategemea orodha ya kukatia: vipande vingapi, urefu gani, vinatoka kwenye bodi ipi. Ndiyo maana nimezipanga programu hizi kwa swali moja. Mchoro ukikamilika, je, fundi wa msumeno anaweza kukata bila kukupigia simu?

Chukua bodi ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya futi nane kwa nne, yaani milimita 2440 kwa 1220. Mteja anataka shelfu za milimita 610. Kwa hesabu ya kichwani, urefu wa bodi unatoa vipande vinne kamili bila mabaki. Lakini msumeno nao unakula. Jino likiwa na upana wa milimita 3, mikato mitatu inameza milimita 9, na kila kipande kinabaki chini ya 608. Kama fremu za chuma zimeshachomelewa kwa 610, shelfu zote zitacheza. Programu inayojua upana wa msumeno inakwambia hilo kabla hujaenda kununua bodi.

Suala la pili ni uzito. Shelfu ya upana wa sentimita 90 na kina cha 40 inaingiza chupa kama 40 za maji ya lita moja na nusu, na hizo ni kilo 60. Ukiipanua nafasi kati ya nguzo mara mbili, huku kila mita ikibeba uzito uleule, bodi itanepa mara 16. Ukiongeza unene wa bodi mara mbili, kunepa kunashuka hadi sehemu moja ya nane. Mafundi wengi wanalijua jambo hili kwa uzoefu, ila mteja anayetaka shelfu ndefu zisizo na nguzo katikati hukubali haraka akionyeshwa namba.

Nafasi ya kwanza: SketchUp Pro pamoja na OpenCutList

Kwa kazi ya mbao, MDF na melamini, hapa ndipo ningeweka pesa yangu. SketchUp ilitoka mwaka 2000, ikanunuliwa na Google mwaka 2006, na tangu 2012 iko chini ya kampuni ya Trimble. Kuijifunza hakuchoshi: unachora umbo, unalivuta, linakuwa kipande. Faili jipya linafunguka likiwa na mtu amesimama, kwa hiyo unaona papo hapo kama shelfu ya juu mama mwenye duka ataifikia au atahitaji stuli.

Nguvu yenyewe ya kukatia inatoka kwenye OpenCutList, kiongezi (programu ndogo inayoingizwa ndani ya SketchUp) cha bure kilichotokana na jumuiya ya maseremala wa Ufaransa. Kinasoma mchoro wako, kinahesabu vipande, kinavipanga juu ya bodi kikizingatia upana wa msumeno, kinaonyesha kingo zipi zibandikwe utepe, na kinachapa lebo za kubandika kwenye kila kipande. Sharti lake ni kwamba kila kipande ukifanye komponenti, yaani kitu kinachojitegemea chenye jina lake kwenye mchoro, na kukipa aina ya malighafi. Kipande ulichokiacha kama kundi la kawaida hakitahesabiwa, nawe utagundua shelfu imepungua wakati gari la bodi limeshaondoka.

Kwenye malipo kuna mtego. SketchUp Free inafanya kazi ndani ya kivinjari, ni ya matumizi binafsi, na haikubali viongezi. SketchUp Go ni ya bei nafuu na inalipiwa, lakini nayo ni ya kivinjari na iPad, kwa hiyo OpenCutList haiingii humo. Toleo linalokufaa ni Pro, lile linalosakinishwa kwenye kompyuta, ambalo hulipiwa mamia ya dola kwa mwaka. Nimeona watu wakilipia Go kwa sababu ya bei, kisha wanarudi kukata kwa karatasi na kalamu kama zamani.

Udhaifu wake ni mabadiliko. Mteja akisema shelfu ziwe za sentimita 100 badala ya 90, itabidi uvinyooshe vipande kwa mkono. Tena haitakuhesabia kunepa.

Nafasi ya pili: FreeCAD

Ningeiweka ya kwanza bila kusita kwa karakana ya chuma, au kwa kijana anayeanza bila mtaji. Ni bure kabisa, hata kwa biashara, inafanya kazi bila intaneti, na inakubali Windows, Mac na Linux. Ilianza mwaka 2002, na kwa miaka mingi ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: ukibadilisha kitu mwanzoni mwa mchoro, sehemu za mbele zinavurugika. Toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 lililishughulikia tatizo hilo kwa sehemu kubwa, na likaleta pia eneo lake la kuunganishia vipande. Kama uliijaribu zamani ukaikimbia, sasa irudie.

Ninachokipenda zaidi ni jedwali. Unaandika upana, kimo, kina na unene wa bodi kwenye visanduku vya jedwali lililo ndani ya mchoro, kisha vipimo vyote vinafuata jedwali hilo. Bodi inayouzwa kwa jina la 18 ukiipima kwa kaliper ukaikuta 17, unabadilisha kisanduku kimoja tu na shelfu nzima inajirekebisha, pamoja na vile vipande vya katikati ambavyo fundi husahau kuvipunguza. Viongezi vya bure vipo, cha mabati ya kukunja na cha useremala, na kuna eneo la kupimia nguvu linalotumia CalculiX, programu ya kuhesabu nguvu na kunepa. Humo unaweza kuweka zile kilo 60 ukaona bodi inashuka kiasi gani.

Gharama yake ni muda. Wiki za kwanza zitakuudhi: vitufe ni vingi, maeneo ya kazi ni mengi. Tenga muda wa kujifunza kabla hujaahidi mteja tarehe.

Nafasi ya tatu: Autodesk Fusion

Hii ndiyo iliyokuwa ikiitwa Fusion 360. Kama karakana yako ina mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, inayokata MDF au herufi za matangazo, Fusion inachora na kutayarisha njia za mashine humohumo, na hilo linaokoa kazi nyingi. Inakunjua bati na kukuonyesha umbo lake bapa. Ukishaipa kila sehemu malighafi yake, inakuonyesha pia kitovu cha uzito. Kwa stendi ya vifaa vya simu yenye ndoano zote upande wa mbele, hapo ndipo utakapojua kama itamwangukia mtoto aliyeishika akipita.

Toleo la bure lisikudanganye. Ni la matumizi yasiyo ya kibiashara, linakupa michoro 10 tu ya kuhariri kwa wakati mmoja, na kwenye CNC linapunguza kasi ya mwendo kati ya mkato na mkato. Karakana inayouza inapaswa kulipa, na bei inaizidi SketchUp Pro. Michoro inakaa kwenye wingu, hivyo bando likiisha utafanya kazi kwa muda fulani tu kabla ya kutakiwa kuunganishwa tena.

SolidWorks, Onshape na nyingine

SolidWorks, iliyoanza kuuzwa mwaka 1995, ni bora kwa fremu za paipu za mraba. Unachora mistari, unachagua ukubwa wa paipu, nayo inakata pembe za nyuzi 45 na kukupa orodha ya urefu. Lakini inagharimu maelfu ya dola na inataka Windows na kompyuta yenye nguvu. Ninaishauri kwa kiwanda chenye oda ya stendi mamia za aina moja kutoka kampuni ya vinywaji. Karakana ya watu wanne haiihitaji.

Onshape ilianzishwa na Jon Hirschtick, yuleyule mwanzilishi wa SolidWorks. Inafanya kazi kwenye kivinjari na hata simuni, jambo zuri unapokuwa dukani kwa mteja na futi kamba mkononi. Ila kwenye mpango wa bure michoro yako iko wazi kwa kila mtu na biashara hairuhusiwi.

AutoCAD nunua tu kama wateja wako ni wasanifu majengo wanaodai mafaili yake. Blender ni ya bure na picha zake zinauza kazi, lakini ifunguliwe baada ya vipimo kukamilika kwenye programu nyingine.

Kuhusu nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi, mimi nasema hapana. Zinaingia na virusi vinavyofuta michoro ya miaka, na wakati FreeCAD ipo bure hakuna haja ya kuishi na hofu hiyo.

Kabla ya kulipia chochote, tumia siku za majaribio kuchora shelfu moja ya kweli yenye rafu nne, sentimita 90 kwa 40, bodi ya milimita 18. Chapa orodha na mpangilio wa ukataji, mpe fundi wa msumeno, usimweleze kitu kwa mdomo. Hesabu maswali atakayorudi nayo, kisha fanya hivyohivyo kwa programu ya pili unayoifikiria.