Kifurushi cha vipimo vya damu kwa aliyezimia: kipi ulipie, kipi uache

Vifurushi vya "vipimo vya moyo" vya maabara binafsi za Dar es Salaam, vyenye troponini (protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia), BNP (homoni inayopanda moyo ukielemewa), chumvi za damu, himoglobini na mafuta, tunavipa nyota 3 kati ya 5. Kasoro kubwa: kama hakuna ECG ya lidi 12 (kipimo cha umeme wa moyo kutoka pande 12), umeruka hatua ya kwanza. Moyo unaomwangusha mtu ghafla mara nyingi una hitilafu ya umeme, na hitilafu hiyo inaweza isionekane kabisa kwenye damu. Anza na ECG, kisha presha akiwa amelala na baada ya kusimama dakika 3.

Troponini ina thamani pale mgonjwa anapobanwa kifua, anapokosa pumzi, au ECG inapotia shaka. Jibu moja halitoshi. Kwa vipimo vya zamani, namba huchukua saa 3 hadi 6 kupanda. Vile vyenye usikivu mkubwa hurudiwa baada ya saa 1 hadi 3, na kinachosomwa ni mwendo wa namba. Mgonjwa wa figo anaweza kuwa na troponini ya juu siku zote bila shambulio jipya.

Potasiamu ndiyo tungeilipia bila kusita, hasa kwa anayetumia Lasix (dawa ya kukojosha) au mwenye figo dhaifu. Kawaida ni 3.5 hadi 5.0 mmol/L, ikishuka au ikipanda sana, mapigo huvurugika. Ila ndiyo rahisi kuharibiwa na mchukua damu. Mpira ukikaa mkononi muda mrefu huku mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi, namba hupanda kwa uongo. Damu ya chupa ya zambarau ikiingia kwenye chupa nyekundu, potasiamu hupaa na kalsiamu huanguka, maana dawa iliyomo kwenye chupa ya zambarau ina potasiamu na hunasa kalsiamu. Uliza pia: damu inapimwa hapahapa au inapanda bodaboda kwenda tawi jingine? Seli zisipotenganishwa na majimaji ya damu ndani ya saa 2, foleni ya Mwenge inatosha kuiharibu.

Himoglobini na sukari, lipia. Mafuta hayaelezi kuzimia, acha.

Aliyezimia akikimbia, akiwa amelala, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, asipitie maabara. Aende hospitali yenye dharura siku hiyohiyo, na kwa uchunguzi zaidi ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Upanga. Akipewa Holta (kifaa cha kuvaa kinachorekodi mapigo ya moyo) ya saa 24 ilhali huzimia mara moja kwa miezi mitatu, aombe kifaa kinachorekodi muda mrefu zaidi.