Rangi ya ndani kwa nyumba ya Tabora: krimu kwanza, bluu kwa chumba cha magharibi

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi mwezi Oktoba, kabla mvua hazijashika, hutakosa wa kukuambia kwamba bluu hupoza nyumba. Haipozi. Rangi ya ukutani hucheza na macho. Joto lenyewe linashuka kutoka kwenye bati. Chumba kikiwa tanuri, hela yako ianzie kwenye dari.

Namba moja kwa nyumba nyingi za hapa ni krimu, na sababu yangu ni vumbi. Kiangazi vumbi jekundu hupenya nyavu za madirisha na kuganda ukutani: kuzunguka swichi, nyuma ya kochi, na usawa ule watoto wanaopitishia mikono. Kwenye nyeupe yenye ubluu kila alama inakutazama. Kwenye krimu inajificha, maana ni ndugu wa damu na rangi yenyewe. Chukua ya silki, inayovumilia kufutwa kwa kitambaa kibichi.

Ya pili ni bluu au kijani hafifu, ila kwa chumba kinachotazama magharibi. Jua la saa kumi na moja jioni lina unjano. Likipiga krimu, sebule nzima inageuka chungwa. Kijani hafifu hulituliza. Ila kama dirisha limefunikwa na mwembe, na miembe Tabora haina uhaba, mwanga unaoingia ni mchache na umeshapita kwenye majani. Hapo bluu itakupa chumba cha msiba. Rudi kwenye krimu.

Kijivu naweka cha tatu, japo mafundi wanakipenda siku hizi. Weka kadi yake ya sampuli juu ya karatasi nyeupe: kikielekea bluu, kiache, kikielekea udongo, sawa. Nyeupe kabisa ni ya dari. Damu ya mzee, ukuta mmoja, basi.

Kabla ya kuamua, angalia balbu zako. Za 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga mweupe unaopausha krimu usiku. Za 3000K, zenye mwanga wa unjano, zinaipendezesha.

Nunua kopo dogo kwanza, paka kipande kwenye kuta mbili zinazotazamana, mara mbili, ukitazame asubuhi, jioni na taa zikiwaka. Ukiridhika: lita 1 hufunika kama mita 10 za mraba kwenye ukuta uliopigwa skimu (tabaka jembamba la kulainisha) vizuri, hivyo chumba cha mita 3 kwa 4 kinataka kama lita 8 kwa kupaka mara mbili. Nunua zote siku moja, namba za toleo kwenye makopo zifanane.