Bujora: ukipita Kisesa, anzia kwa watemi

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, Makumbusho ya Wasukuma yapo Bujora, nje kidogo ya Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini. Wengi hupita moja kwa moja wakiwahi Serengeti. Kama una saa moja na nusu, kata kona.

Asubuhi ndiyo nafuu. Foleni ya Nyakato na Igoma wakati huo inaingia mjini, wewe unatoka. Usipokuwa na gari, panda daladala ya Kisesa, kisha bodaboda. Mpatane bei kabla hujakaa.

Kituo kilianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, miaka ya 1950. Mwongoza wageni anaweza kukuanzishia kwenye kaya ya Kisukuma. Mwombe muanzie jengo la watemi, yaani machifu wa Kisukuma, lile lenye umbo la kiti cha enzi, maana bila hilo vingine vinaonekana vyombo tu. Humo ndimo zilimo ngoma za kitemi, viti na mavazi ya utawala. Ngoma ya mtemi haikuwa ya burudani. Ilikuwa alama ya mamlaka, kama muhuri wa serikali. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, vitu vya namna hii vilibaki bila kazi, na ndiyo maana kuviona pamoja kuna uzito wake. Uliza kila ngoma ilitoka himaya gani. Maelezo ya ukutani ni mafupi mno, na anayezunguka peke yake hutoka akiwa ameona mbao na ngozi.

Usikose mcheduara (silinda) unaozungushwa kwa mkono, unaoonyesha namna makundi ya rika yalivyohesabu moja hadi kumi, kila kundi kwa maneno yake. Asiye wa rika lako hakuelewi. Watoto hung'ang'ania hapo, na wakubwa pia.

Nyumba ya mganga na ya mhunzi zinatosha dakika chache. Banda la vyama vya wacheza ngoma lina mengi zaidi: ushindani wa Bagika na Bagalu, unaoanzia kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja akijigamba kuwa dawa yake ndiyo kali. Ushindani huo bado unachezwa kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Siku hizo kunajaa, na mwongozaji hana muda wa kukueleza ngoma moja moja. Nenda kwa ajili ya mashindano ya uwanjani, siyo makumbusho.

Kuona bugobogobo, ngoma ya majembe, au ngoma ya nyoka siku za kawaida, piga simu mapema, kwa sababu wachezaji huitwa kutoka majumbani. Malipo ni ya kundi zima, hivyo watu wawili mtaumia; mkiwa kumi haisikiki. Beba fedha taslimu, na ulizia ada ya kamera getini kabla hujapiga picha. Jumapili kanisa la hapo Bujora lina misa, hivyo altare yenye umbo la kiti cha mtemi utaiona baada ya ibada.

Ukiendelea na safari, kata kulia Kiabakari uingie Butiama, kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere. Naye alikuwa mtoto wa chifu, Burito wa Wazanaki. Ukitokea Bujora, maswali ya kumuuliza mwongozaji wa kule utakuwa nayo tayari.