Transfoma za vifaa vya raki vyembamba: ipi ununue, na kwa nini upime kimo kwanza

Wadau, hii nimeiandika kwa sababu malalamiko yamekuwa ya aina moja mno. Mtu anasema ikwalaiza ya kanisa ilikufa transfoma, fundi akaweka nyingine, mezani ikapiga kazi safi kabisa, wamerudisha kwenye raki wakafunga skrubu zote, kuwasha tu fyuzi chali. Dijei mwingine krosova yake haikati fyuzi ila baada ya nusu saa inanukia vanishi ya koili na ukiweka mkono juu ya bati unautoa mbio. Ukiwauliza wanakwambia volti ni zilezile, VA (volti mara ampea, yaani uwezo wa transfoma) ni zilezile, mpaka rangi za waya zinafanana. Na wanasema kweli! Kosa halipo kwenye volti.

Kwa hiyo mambo ya kuchagua volti na VA sitayakalisha sana, yameandikwa kwenye transfoma ya zamani au kwenye bodi pale waya zinapoingia, unasoma unanunua hivyohivyo. Ikwalaiza, kompresa, krosova, vitu vya 1U (vinavyokalia ngazi moja tu ya raki) vya namna hiyo mara nyingi 15VA mpaka 30VA inatosha (pawa amp sizungumzii hapa, hizo zina mambo yake). Jambo moja tu la volti niseme. Bodi nyingi zina regyuleta za 7815 na 7915, zinazotaka kama volti 17 kwenda juu ndio zitoe 15 iliyotulia. Sekondari (koili ya kutolea umeme) ya 15-0-15, yaani volti 15 mbili zenye waya wa katikati, kwenye umeme wa 230 inafanya kazi vizuri, ila mtaani kwenu umeme ukishuka mpaka 190 ile 15 inakuwa 12 na kitu, ikigeuzwa DC inapanda mara 1.4 hivi, ukishatoa ya daiodi unabaki na DC ya 16 na nusu hivi, regyuleta inaachia na spika zinaanza kuvuma. Wa mitaa hiyo nawashauri 18-0-18, lakini angalia kwanza kapasita kubwa za kwenye bodi, kama zimeandikwa 25V usithubutu, badilisha uweke za 35V na uhakikishe regyuleta zina hitsinki ya maana maana zitapata joto zaidi.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hakuna anayekiuliza dukani, KIMO. Na ndani ya kimo, boliti ya katikati.

Kifaa cha 1U kimo chake kwenye raki ni milimita 44.45, hiyo ni inchi moja na robo tatu. Bati la mbele linapunguzwa kidogo ili vifaa viwili visisuguane, toa unene wa bati la chini, toa unene wa kava, ndani unabaki na kama milimita 40, vingine hata hazifiki. Unaona transfoma ya duara (toroidi) imeandikwa kimo 35 unasema aah inaingia. Haya piga hesabu ya kweli: raba ya chini 2, raba ya juu 2, washa kubwa ya chuma moja na nusu, nati ya M5 milimita 4, alafu nyuzi za boliti zinazochungulia juu ya nati. Ushapita 44. Hata kama ile washa imezama kidogo kwenye tundu bado unagusa kava.

Na kugusa kava si suala la kubanana tu. Transfoma ya duara, boliti inapita katikati ya koa, kile kiini cha chuma kilichozungushiwa koili. Chini boliti imeshikana na chesisi, juu ikigusa kava, na kava limefungwa kwa skrubu kwenye chesisi ileile, basi umeshatengeneza duara kamili la chuma linalozunguka koa. Hilo ni koili ya mzunguko mmoja iliyopigwa shoti. Volti yake ni ndogo sana lakini ampea zinazopita humo ni za kutisha, transfoma inaona mzigo mkubwa usioonekana popote kwenye bodi, inachemka, fyuzi inakatika. Ukifungua kava upime kwa mita, kila kitu kizima! Ndio maana mafundi wanazunguka, wanabadilisha daiodi, wanabadilisha regyuleta, wanamwambia mteja transfoma ilikuwa feki wanaleta nyingine, wanarudi palepale. Na kuna ile mbaya zaidi ambayo kava haligusi kifaa kikiwa peke yake, ila ukikiweka kwenye raki na kitu kizito kikakalia juu, bati linabonyea kidogo, linagusa. Halafu mtu anasema "si limepakwa rangi", rangi inachubuka jamani, nyuzi za boliti zinakwangua rangi mara moja.

Kwa hiyo nikizipanga za kununua, naanza na zisizo na boliti kabisa.

Namba moja kwangu ni Talema, zile toroidi zilizozamishwa kwenye resini zenye pini za kuchomelea kwenye bodi. Nasema wazi hii ndiyo brandi yangu na sioni haya. Wana kiwanda Salem kule Tamil Nadu, kwa hiyo mwenye ndugu au mfanyabiashara anayekwenda India anaweza kuagiza. Kinachonifurahisha ni kwamba kimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake ndicho kimo, hakuna raba, hakuna washa, hakuna nati ya kukushtukiza. Praimari zake (koili za kuingizia umeme wa ukutani) ni mbili za 115, ukiziunganisha mfululizo unapata 230, ukiziunganisha sambamba unapata 115, na zimeandikwa 50/60Hz. Kama kifaa chako transfoma ilikaa kwenye chesisi, chukua kipande cha verobodi (bodi tupu yenye matundu ya kuchomelea), chomelea transfoma, inua kwa spesa za plastiki, tenganisha vizuri upande wa umeme wa ukutani na upande wa sekondari, umemaliza. Na kama 30VA moja ni nene, weka za 15VA mbili pembeni kwa pembeni, kila moja praimari zake mfululizo kwa 230, halafu transfoma zenyewe sambamba kwenye umeme, moja ilishe upande wa chanya na nyingine hasi.

Namba mbili ni zile bapa za Block ya Ujerumani, familia ya FL, au Triad ya Marekani familia ya FP. Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nafasi fupi, nazo ni za pini. Sijaziweka juu kwa sababu zinataka eneo pana kwenye chesisi, na kwenye kifaa chenye bodi iliyojaa unaweza kukosa pa kuiweka.

Namba tatu toroidi za kawaida za boliti, Hammond au Antek. Transfoma zenyewe ni nzuri, sina ugomvi nazo, ila ndani ya 1U unanunua pamoja na ule mtihani wa boliti. Ukilazimika, tumia boliti yenye kichwa bapa ikitokea juu kwenda chini ili nati ikae chini nje ya chesisi, au boliti ya nailoni, na pima uone nafasi ya milimita 3 hewani kati ya kichwa na kava. Pungufu ya hapo nairudisha.

Za bei rahisi za Kariakoo au Luthuli zilizoandikwa 220V tu, hapana. Kwa Kenya ambako umeme ni 240 koa inazidiwa na kuvuma. Kurewaindi (kusuka upya koili) ya zamani kwa fundi mzuri ni bora kuliko hizo.

Na wauzaji mnatuumiza. Naulizia kimo cha transfoma naambiwa "dada hii ni ya ampea tano, inafunga kila kitu", nataka kuipima kwa kalipa naambiwa nikishaishika nimenunua. Ampea tano kwa volti 36 (yaani 18-0-18) ni 180VA, na kile kitransfoma kinaenea kiganjani! Mwingine anapanga bei kwa kupima uzito mkononi. Halafu ya kuagiza nje, usafiri unalipa kwa kilo, unakuta nauli inakaribia bei ya transfoma yenyewe, kwa hiyo agizeni kwa kikundi, mafundi wanne watano mkusanye oda moja.

Wenye vifaa vilivyotumwa kutoka Marekani vya 120V, kile kiboksi cha kushusha umeme kinashusha volti tu, Hz zinabaki 50. Transfoma iliyopigiwa hesabu ya 60 peke yake inabebeshwa sumaku asilimia 20 zaidi, ndio ile inayochemka hata kabla hujaweka muziki. Ikifa msitafute ya 120 tena, wekeni ya praimari mbili muunganishe kwa 230.

Kabla hujanunua chochote pima praimari ya zamani kwa mita. Ikiwa imekata kabisa, nyingi zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya utepe, inawezekana ni hiyo tu imekufa. Usiiunganishe moja kwa moja ukaacha bila fyuzi, nunua nyingine ya nyuzijoto zilezile.

Na kama umeweka toroidi mpya na fyuzi inakatika pale unapowasha hata kava likiwa wazi, hapo usilaumu boliti. Toroidi inavuta umeme mwingi sekunde ya kwanza, inataka fyuzi ya T, ile inayochelewa, kwa thamani ileile iliyochapishwa nyuma ya kifaa. Ile ya F uliyopewa dukani itakatika kila siku.